Granada (Hispania) kwa baiskeli ya umeme na mama wa miaka 61, mnanishauri nini?

BintiPangani

Habari zenu ndugu zangu. Naomba ushauri kwa yeyote aliyefika Granada, kule kusini mwa Hispania. Mi naishi Bremen, Ujerumani, mama yangu anakuja mwezi wa nne kutoka Tanga, ndo mara yake ya kwanza kutoka nje ya nchi na nimeshamuahidi nitampeleka Alhambra, lile kasri la kale la masultani wa Kiislamu, maana toka niko mdogo kuna kalenda moja kaibandika sebuleni ina picha ya lile ua lenye simba 12 wa mawe, mwaka wa kalenda ukaisha hakuitoa, mpaka leo ipo, ukimuuliza anakwambia hapo nitafika kabla sijafa. Kwahiyo hii safari kwangu sio ya kupiga picha tu.

Sasa iko hivi, tutakaa siku 3. Nimeangalia onlaini nikaona kuna ziara za baiskeli za umeme, mnakwenda na muongozaji, masaa mawili na nusu, watu hawazidi 8, mnapanda mtaa wa Albaicín, mnapita Sacromonte kwenye mapango, mnapita na msitu wa Alhambra. Nikavutiwa kwa sababu mama goti lake la kushoto linamsumbua, ngazi ndo adui yake, akitembea mlima nusu saa basi usiku hatolala. Lakini baiskeli kaendesha maisha yake yote, mnaoijua Tanga mnajua kule baiskeli ni ya kila mtu, hata mwaka jana alikuwa anaenda nayo sokoni Mgandini na kapu nyuma.

Ninachouliza ni kwamba hiyo milima ikoje kweli, maana picha zinadanganya. Na hizo baiskeli mtu ambaye hajawahi kushika yenye mota ataiweza siku hiyohiyo? Halafu hiyo ziara inaingia Alhambra ndani au inaishia nje? Na la mwisho wanawake wenzangu naomba mnijibu nyie, mama anavaa baibui na hatovaa suruali, nimeshajaribu kumwambia. Natanguliza shukrani.

Zaitun_Malindi

Dada BintiPangani, kwanza mfikishie mama shikamoo yangu. Mi ni mtu wa Unguja nasoma Málaga, Granada nishaenda mara tatu na mara ya mwisho nilikwenda na shangazi yangu kafika kutoka Muscat, tukapanda hizohizo baiskeli, kwahiyo ntakupa nilichokiona kwa macho.

Milima ni ya kweli. Mji wenyewe uko juu, kama mita 700 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na mbele yako unaona milima ya Sierra Nevada ina theluji hata huo mwezi wa nne, kwahiyo chukua sweta, asubuhi baridi inauma hata kama mchana jua linawaka. Albaicín ni kilima na Alhambra ni kilima kingine, katikati pana bonde la mto mdogo unaitwa Darro. Ukisema utatembea maana yake unashuka kilima kimoja unapanda cha pili, na njia nyingi ni ngazi. Kwa goti la mama, mimi naiunga mkono baiskeli moja kwa moja.

Sisi tulianzia kule chini kwenye mto Genil ambako ni tambarare, wakatupa kama robo saa ya kuzoea, tunazunguka tu, muongozaji anaangalia nani anayumba. Shangazi alipokanyaga pedali mara ya kwanza akapiga kelele, maana mota inakusukuma kwa nyuma kama kuna mtu amekushika siti, ila dakika tano tu akazoea akawa anatupita. Kisha tukapanda njia inaitwa Cuesta de Gomérez, hii ni mteremko mkali kwelikweli, unafika lango la mawe lina makomamanga matatu juu yake. Granada kwa Kihispania ni komamanga, na ndo nembo ya mji, utayaona mpaka kwenye vinguzo vya chuma vya barabarani. Ukishapita lile lango unaingia kwenye msitu, na hapo dada usikubali muongozaji awakimbize, mwambie tusimame. Pale kuna mifereji inatiririka pembeni mwa njia, maji yanasikika kila upande, na ni kwamba hawa watu wa zamani walikwenda kuyatoa maji mtoni huko juu, kama kilomita 6 kutoka Alhambra, wakayaleta kwa mfereji mpaka kwenye majumba. Shangazi alizima baiskeli akakaa kimya anasikiliza. Mimi pale ndo nilipopapenda kuliko kote.

Baada ya hapo mnashuka, mnapita kando ya Darro, kuna hamamu ya kale ya karne ya 11 inaitwa Bañuelo, halafu mnatokea kwenye uwanja wanauita Paseo de los Tristes, yaani matembezi ya wenye huzuni, kwa sababu zamani maiti zilikuwa zinapitishwa pale kwenda makaburini nyuma ya Alhambra. Ukitazama juu unaiona Alhambra imekukalia kichwani. Kutoka hapo mnapanda Cuesta del Chapiz, na hii ndo kazi ya siku nzima. Ukimaliza kuipanda, kulia ni Sacromonte, mapango yaliyochimbwa kwenye kilima na kupakwa chokaa nyeupe, watu wa jamii ya gitano, yaani Waroma wa Hispania, ndo waliyokaa humo na ngoma yao ya zambra ipo mpaka leo. Kushoto ni Albaicín.

Albaicín sasa. Mama akishakanyaga pale atakwambia mbona hapa ni kwetu. Vichochoro vyembamba kama Mji Mkongwe, nyumba kwa nje ukuta mtupu lakini ndani pana bustani na mti wa narinji na kisima, nyumba za namna hiyo wanaziita carmen, neno la Kiarabu hilo, karm, shamba la mizabibu. Juu kabisa ni San Nicolás, kiwanja mbele ya kanisa, unaiona Alhambra yote kwa mkabala na theluji nyuma yake. Na ubavuni mwa hilo kanisa kuna msikiti ulifunguliwa mwaka 2003, bustani yake iko wazi kwa wageni, nayo inaangalia hukohuko Alhambra ila haina msongamano. Nimeswali pale alasiri, nikatoka nikakaa bustanini, sikutaka kuondoka. Kama mama anaswali panga ziara ya mchana ili mfike pale karibu na wakati, mwambie muongozaji mapema, wa kwetu alitusubiri bila tatizo.

Ndani ya Alhambra baiskeli HAIINGII majumbani wala tiketi haimo kwenye bei, hilo watu wengi wanachanganyikiwa. Tiketi ya Alhambra unanunua mwenyewe onlaini, mapema sana, wiki nyingi kabla maana mwezi wa nne inaisha, inaandikwa jina na namba ya pasipoti na mlangoni wanaiangalia. Halafu yale majumba ya Nasrid, ukoo wa masultani wa Granada, ambako ndo yupo simba wa mama, yana saa yake maalum imeandikwa kwenye tiketi, ukichelewa humo huingii hata kama sehemu zingine umeruhusiwa. Kwahiyo usiweke siku moja na baiskeli. Siku ya kwanza baiskeli, auone mji na aione Alhambra kwa nje kutoka kila upande, siku ya pili ndo aingie.

Baibui wenzangu watakujibu zaidi ila shangazi alivaa dira na suruali nyepesi ndani, akaikusanya pembeni akaifunga fundo, hakuna aliyemtazama.

FundiSpoku

Salaam. Mimi ni mtu wa Mombasa, natengeneza baiskeli hapa Utrecht, Uholanzi, mwaka wa tisa sasa na sai nusu ya zinazoingia karakana ni za umeme, kwahivyo ngoja niongee ya baiskeli yenyewe, ya mji mwachieni ukhti Zaitun.

Hizi za Ulaya kisheria mota ni wati 250 na inasaidia tu wakati unakanyaga, ukiacha kukanyaga nayo inaacha, na ukifika kilomita 25 kwa saa inakata yenyewe. Sio pikipiki hiyo. Mama asiogope itamtoroka. Ila kuna kitu kimoja: nyingi zina ngazi za msaada, ndogo, ya kati, kubwa. Aanze na ndogo. Wageni wengi wanaweka kubwa wakiwa wamesimama, mguu umekaa kwa pedali, wakigusa tu baiskeli inaruka mbele na hapo ndio wanaanguka. Kama amesimama kwa taa au kwa kona basi miguu yote chini na mkono kwa breki.

Kupanda si shida. Watu wote wanauliza kupanda. Ya kuuliza ni kushuka. Baiskeli ya umeme ina kilo 20 na kitu, zingine 25, ukiongeza mtu juu yake na mteremko kama huo wa Chapiz unaotajwa na mawe ya mto yaliyopangwa chini, yale ya mviringo, uzito wote unakusukuma na mota haikusaidii kitu. Mawe hayo yakiwa yameloa ni kama sabuni. Kwahivyo mvua ikinyesha muahirishe, usione haya, hata kama umelipa.

Na breki: Hispania kama sehemu kubwa ya bara la Ulaya, breki ya mkono wa KUSHOTO ndio ya mbele. Baiskeli za Kiingereza ni kinyume, ya mbele iko kulia, na zetu nyingi nyumbani zimefuata hiyo. Mtu aliyezoea miaka 40 akishtuka mkono unakwenda wenyewe, akibana ya mbele peke yake kwa mteremko anapita juu ya usukani. Nimeyaona haya kwa mteja wangu mwenyewe, mkono ulivunjika. Basi kule chini kwa tambarare mwambie mama abane moja moja mpaka mkono ujue, halafu akiteremka abane zote mbili pamoja, kidogo kidogo, aachie, abane tena, na makalio yarudi nyuma kwa siti. Na barabarani wanapita upande wa kulia, sio kushoto kama kwetu, kwa hiyo kwa kona macho yaangalie kote.

Kuhusu baibui. Omba baiskeli ya fremu ya chini, ile ambayo huinui mguu kupita juu ya bomba, kwa goti lake hata bila baibui ni lazima. Uliza kama mnyororo una kifuniko na kama gurudumu la nyuma lina kilinda nguo. Mara nyingi za ziara ni zile za milimani na hazina, basi afunge upande wa kulia wa nguo kwa mpira au kibanio maana mnyororo uko kulia, na mtandio ncha zake ziingie ndani. Tuma barua pepe kabla, waambie urefu wake na goti, wakijibu kwa uvivu tafuta wengine.

Jambo la mwisho, nyingi zina kitufe ukikishikilia baiskeli inatembea yenyewe pole pole kando yako, haipiti kilomita 6 kwa saa. Mahali pakimtisha ashuke, ashikilie kitufe, atembee nayo kama mbuzi kwa kamba. Hakuna aibu.

MguuNjia

Mi nitapingana kidogo na wenzangu ila kwa nia njema. Niliishi Granada karibu miaka miwili nikifanya kazi ya mkahawani, chumba changu kilikuwa huko huko Albaicín karibu na Plaza Larga. Kwa mkaazi yale makundi ya baiskeli ni mzigo. Kichochoro upana wake mikono miwili, bibi wa watu anatoka na mkoba wake wa mboga, zinakuja nane mfululizo. Na mgeni mwenyewe anaangalia gurudumu la mbele asianguke, haoni kitu. Albaicín ni ya kusimama. Kuna yale majabia ya maji ya zamani, wanayaita aljibe, kuna zaidi ya ishirini yamebaki mtaani humo, unayapita kwa baiskeli hujui hata kama umeyapita.

Kwa mtu mwenye goti kuna vibasi vidogo vyekundu vinapanda, C31 inaingia Albaicín, C30 inakwenda Alhambra, nauli ni euro moja na kitu, kinakushusha juu kabisa kisha unateremka kwa miguu pole pole unapumzika unakunywa chai. Mi mama yangu ningemfanyia hivyo.

Na kama mwezi wa nne wenyewe umeangukia wiki ya Pasaka angalia sana, maandamano ya kidini yanafunga mitaa ya katikati kila jioni, hakuna basi hakuna baiskeli, na hoteli bei inapanda vibaya.

Zaitun_Malindi

@MguuNjia kaka nimekuelewa na hilo la wakaazi ni haki yao kabisa, ndo maana nilisema kundi dogo, na muongozaji mzuri kwenye vichochoro anawashusha mnatembea nazo. Ila hilo la kuteremka kwa miguu ndo sikubaliani. Mwenye goti baya kuteremka ndo kunamuumiza zaidi kuliko kupanda, muulize mama yeyote. Vibasi ni vizuri kwa siku ya pili wakienda Alhambra.

MguuNjia

Kwenye goti umenishinda dada, sikulifikiria. Basi wafanye yote, siku ya kwanza baiskeli, siku ya tatu warudi Albaicín na C31 asubuhi saa tatu kabla makundi hayajaja, wakae tu pale Plaza Larga. Bintipangani mama akinywa chai mpeleke kwenye vibanda vya chai mtaa wa Calderería chini, chai ya mnanaa na vitamutamu vya lozi, atafurahi.

Mwl_Songomnara

Nimesoma uzi huu wote nikasema siwezi kupita bila kuandika maana Granada na pwani yetu vina kitu kimoja kinaviunganisha na watu wengi hawakijui, na mama wa watu mwenye kalenda miaka yote hiyo anastahili akijue kabla hajaenda.

Ibn Battuta sote tumemsoma shuleni, yule aliyepita Mombasa akafika Kilwa mwaka 1331 akaiandika kwamba ni katika miji mizuri kabisa. Sasa huyohuyo, baada ya kuzunguka India na Uchina na kurudi kwao Morocco, akavuka bahari na mwaka 1350 akafika Granada. Sultani wa wakati ule Yusuf wa kwanza alikuwa mgonjwa, hakumpokea, lakini mama yake sultani ndiye aliyempelekea dinari za dhahabu kumkirimu mgeni. Na pale Granada, kwenye bustani, wakakaa siku mbili tatu anawasimulia watu safari zake, na miongoni mwa waliokuwa wanamsikiliza alikuwepo kijana mwandishi wa mji huo anaitwa Ibn Juzayy. Miaka michache baadaye wakakutana tena Fez, sultani wa Morocco akaamuru safari ziandikwe, na aliyezishika kalamu ni huyohuyo Ibn Juzayy wa Granada. Kwahiyo kila tunachokisoma kuhusu Kilwa ya 1331, msikiti wake, sultani wake mkarimu, kimepita mkononi mwa mtu wa Granada. Mimi nafundisha historia na nikifika hapo darasani huwa nasimama kidogo.

Mwambie pia mama kwamba simba wake Ibn Battuta hakuwaona. Ua lile lilijengwa baadaye, na Muhammad wa tano, mtoto wa yule sultani mgonjwa. Na kwenye ukingo wa lile beseni wanalolibeba simba pamechongwa mashairi ya Kiarabu ya Ibn Zamrak, anayasifu maji na marumaru mpaka anasema hujui kipi kati yake kinachotiririka. Kwenye kuta ataona maneno yamerudiwa kila mahali, wa la ghaliba illa Allah, hakuna mshindi ila Mungu, hiyo ilikuwa kaulimbiu ya ufalme wao. Kama anasoma Qur'ani macho yake yatayapata mwenyewe bila kuoneshwa, na hapo atakuwa na faida kuliko watalii wengi mle ndani.

Ya kuhuzunisha nayo ayajue. Tarehe 2 Januari 1492 sultani wa mwisho, Abu Abdillah, Wahispania wanamwita Boabdil, alikabidhi funguo kwa Ferdinand na Isabella, mfalme na malkia wa Kikristo. Mkataba ulisema Waislamu wabaki na dini yao na misikiti yao. Haikupita miaka 8 wakaanza kulazimishwa kubatizwa, vitabu vya Kiarabu vikachomwa, na mwanzoni mwa karne ya 17, kati ya 1609 na 1614, wajukuu wa waliobatizwa nao wakafukuzwa nchi nzima. Wayahudi walishafukuzwa kabla, mwaka uleule 1492, mtaa wao ulikuwa Realejo, mara nyingi hizo ziara zinapita hapo mkishuka kutoka msituni. Muongozaji akipita Realejo bila kuwataja mwulizeni.

Halafu lugha. Mwambie asikilize Kihispania kwa sikio la Kiswahili. Chungwa lao ni naranja, sisi tuna narinji. Zafarani kwao azafrán. Sukari kwao azúcar. Zeituni aceituna. Meya wa mji wao anaitwa alcalde, ni al-qadi, kadhi wetu huyo huyo. Na neno lao hasta, la kusema mpaka, linatokana na hatta ya Kiarabu iliyotupa sisi hata. Wao limewajia kwa njia ya Morocco na sisi kwa majahazi kutoka Uarabuni.

BintiPangani

Jamani mmenitoa machozi. Mwalimu hilo la mama yake sultani nimempigia simu mama nikamsomea usiku uleule, akanyamaza, kisha akasema basi mgeni wa kwetu alipokelewa na mama. Nimeshanunua tiketi, saa ya majumba ni saa nne na nusu asubuhi siku ya pili. Baiskeli nimewaandikia watu watatu kama fundi alivosema, mmoja ndo amejibu vizuri anazo fremu za chini, wawili wamejibu neno moja tu. Nitarudi kuwaambia.

BintiPangani

Nimerudi kama nilivoahidi, tumemaliza wiki mbili zilizopita ila mama kaondoka juzi ndo nimepata nafasi.

Fundi, mkono wa kushoto. Nakushukuru sana. Tulipokuwa kule Genil tunazoea nikamwambia mama abane moja moja, akabana ya kulia akategemea ya mbele, akaona ni ya nyuma, akanitazama akasema hii ingeniua. Akafanya zoezi peke yake raundi nane nzima wenzetu wote wamesimama wanamsubiri, hajali. Baibui tuliifunga kwa vibanio vya nguo vya mbao, vile vya kuanikia, vinne, muongozaji mwenyewe alipenda.

Cuesta de Gomérez aliipanda yote hakushuka. Mtu ambaye nyumbani ngazi za msikitini anapanda moja moja kashika ukuta. Alikuwa mbele yangu, naona mgongo wake tu na vile vibanio, na wala hahemi, anaongea njia nzima ananionesha miti. Nilichokuwa sikukijua kuhusu hizi baiskeli ni hicho, kwamba mtu anafika juu bado ana pumzi ya kutazama na ya kuongea, na mimi nilikuja kwa ajili ya mazungumzo hayo. Msituni tukasimama kwenye maji kama Zaitun alivosema.

Chapiz aliogopa. Kupanda alipanda, ila baadaye kuna sehemu ya kuteremka kutoka San Nicolás ina mawe yale ya mto na palikuwa na umande bado, akasema hapana, akashuka, akatembea nayo. Muongozaji akawashusha wote wakatembea, hakuna aliyelalamika. Kaka MguuNjia, pale tulipokuwa tunatembea ndo tukaliona jabia moja la maji, kwahiyo ulikuwa na haki yako, na siku ya tatu tulirudi na C31 tukakaa Plaza Larga mpaka adhuhuri, tukaenda kuswali kwenye ule msikiti. Bustanini mama aliokota jani moja la mrehani lililoanguka akaliweka ndani ya msahafu wake.

Alhambra yenyewe siwezi kuielezea vizuri. Alipofika kwenye ua la simba hakusogea. Watu wanapita wanapiga picha, wanamgonga begani, yeye kasimama tu. Nikamuuliza mama vipi ni kama kwenye kalenda, akasema kwenye kalenda maji hayasikiki. Kisha akaanza kusoma ukutani, kwa sauti ndogo, anafuata kwa kidole hewani bila kugusa, alipofika kwenye yale maneno ya Mwalimu akayasoma mara tatu na kijana mmoja wa Kihispania pembeni akatuomba amfundishe kuyatamka. Mama akamfundisha. Kwa Kiswahili.

Goti lilimuuma usiku wa siku ya pili, baada ya Alhambra, sio baada ya baiskeli, mle ndani mnatembea masaa matatu na zaidi, wenye wazee jipangeni kwa hilo.

Sasa fundi nina swali lingine na hili ni la kweli kabisa, anataka ya kwake Tanga. Kila siku tokea turudi kutoka Granada ananiuliza. Betri kwenye ndege najua ni shida, je ikienda kwa meli kwenye kontena inakubalika, na betri ikifa baada ya miaka mitatu minne nyumbani nani ataibadilisha? Au ninunue ya kawaida halafu nitafute kifaa cha mota cha kuongezea hukohuko Dar? Fremu iwe ya chini.